Maji ya Kisima Yamebadilika Baada ya Mvua: Dalili, Sababu na Pa Kuanzia

Mvua kubwa imenyesha usiku, na asubuhi maji ya kisima yanatoka na rangi ya udongo, au yana chumvi ambayo wiki iliyopita haikuwapo. Kila mtu huuliza maji yana nini. Ni swali zuri, ila lije la pili. La kwanza liwe hili: mabadiliko yameanza muda gani baada ya mvua? Saa chache, siku chache, wiki kadhaa, au msimu mzima?

Muda ndio unaokuambia mvua imepita njia gani, na njia ndiyo inayoamua kemia. Maji yanayopita kwenye udongo usio na nyufa hayana haraka. Hushuka mita moja au chache kwa mwaka, mengine pungufu ya hapo. Kwa hiyo kisima cha mita 40 kikichafuka saa tatu baada ya mvua, hayo maji hayakuchujwa na udongo wowote. Yamepata njia ya mkato, na kazi yako ni kuitafuta.

Kipimo cha pili ni uwezo wa maji kupitisha umeme, unaohesabiwa kwa maikrosimensi kwa sentimita (µS/cm). Kifaa chake ni kidogo, hushikwa mkononi, hakitumii kemikali, na mtu akiniambia ana fedha za kununua kifaa kimoja tu, namwambia anunue hicho. Mvua ina chumvi kidogo sana, kwa kawaida 5 hadi 50 µS/cm. Maji ya ardhini huwa na mamia, na kwenye maeneo makavu maelfu. Kipimo kikishuka ghafla baada ya mvua, maji mapya yameingia kisimani. Kikipanda, maji yanayoshuka yamezoa kitu njiani. Kikibaki palepale huku rangi au harufu imebadilika, shaka iangukie kisima chenyewe: tope lililotibuka, kutu ya bomba, au bakteria waliojijengea makazi kwenye kuta zake.

Haya yote yanahitaji kumbukumbu ya kiangazi. Namba ya masika isiyo na namba ya kiangazi ya kulinganisha haina maana kubwa.

Mvua inafika na nini, na udongo unaiongezea nini

Mvua ikianguka kwenye hewa safi huyeyusha hewa ya ukaa na kuwa na tindikali kidogo, pH karibu 5.6 (pH ni kipimo cha tindikali: 7 ni katikati, na namba ikishuka tindikali inazidi). Karibu na bahari hubeba sodiamu na kloraidi kutoka kwenye matone ya mawimbi. Penye moshi wa viwanda na magari hubeba salfeti na naitreti, na pH yake huweza kushuka chini ya 5.

Hayo ni madogo ukilinganisha na yanayotokea ikishazama ardhini. Mizizi na vijidudu hupumua, na hewa iliyonaswa katikati ya chembe za udongo huwa na hewa ya ukaa mara 10 hadi 100 kuliko hewa tunayovuta. Maji yakipita humo yanatoka na tindikali ya kutosha kuyeyusha mwamba. Yakikuta chokaa, tindikali inaisha na badala yake maji yanapata kalsiamu na bikaboneti, yaani yanakuwa magumu. Yakikuta matale au mchanga wa kwatzi, hakuna cha kuimaliza tindikali haraka, kwa hiyo yanabaki laini na yenye kula mabomba. Ndiyo maana mvua ileile huleta malalamiko mawili yanayopingana kwenye visima viwili jirani vilivyochimbwa kwenye miamba tofauti.

Tope au ukungu ndani ya saa chache, na kipimo cha umeme kimeshuka

Katika matatizo yote yaliyomo humu, hili ndilo linaloweza kuua upesi, kwa hiyo nitakaa nalo.

Maji ya juu yameingia bila kupita kwenye udongo. Penye kuangalia ni pachache: sakafu ya zege iliyopasuka, mfuniko usioziba, kisima kilichowekwa mahali panapotuama maji, kiungo cha kesingi (bomba pana linaloshikilia kuta za kisima) kilichooza, na ile nafasi kati ya kesingi na ukuta wa shimo ambayo mchimbaji alipaswa kuijaza saruji au udongo mfinyanzi wa kuvimba. Hiyo ya mwisho haionekani kwa macho, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa sababu mteja haioni.

Siku ya jua kali, ikiwa pampu haizuii, fungua mfuniko, shika kioo cha kawaida na uelekeze mwanga wa jua ndani ya kesingi. Mwanga huo unafika chini kuliko tochi nyingi. Pitisha polepole ukutani. Unatafuta mchirizi wa kutu au wa tope unaoanzia mahali fulani na kushuka. Ukianzia mita mbili au tatu chini ya uso wa ardhi, hapo ndipo kiungo kinapovuja. Halafu zima pampu, nyamaza, sikiliza. Ukisikia maji yanadondoka, yanatoka sehemu iliyo juu ya usawa wa maji ya kisima, na hayakupaswa kuwapo.

Kama unashuku ufa wa sakafu, yeyusha nusu kilo ya chumvi ya kawaida kwenye ndoo ya lita 20, mwaga taratibu juu ya ufa, washa pampu, na pima umeme wa maji kila baada ya dakika 15. Ukipanda, umepata mkosaji. Usipopanda, hujapata uthibitisho wa lolote: huenda njia iko upande mwingine, au inafunguka tu ardhi ikilowa kabisa.

Watu wengi hukimbilia klorini kwanza. Klorini inaua bakteria waliomo leo, na mvua inayofuata italeta wengine kupitia tundu lilelile. Ziba kwanza: sakafu ya zege yenye mteremko wa kutoka kisimani, kesingi iliyopanda angalau sentimita 30 juu yake, mfuniko wenye mpira, mfereji wa kukatiza maji yanayotiririka. Ndipo uue wadudu. Hesabu yake ni nyepesi. Kesingi ya milimita 150 yenye maji ya kina cha mita 30 ina lita 530 hivi. Kufikisha miligramu 50 za klorini kwa lita unahitaji gramu 27 za klorini halisi, sawa na gramu 41 za unga wenye nguvu ya asilimia 65. Yeyusha kwenye ndoo kwanza, mimina, zungusha maji kwa pampu mpaka harufu ya klorini itoke kwenye bomba, acha saa 12 hadi 24, kisha yatoe yote mbali na mimea na mbali na kijito. Maji yakiwa bado na tope, klorini nyingi humezwa na tope hilo kabla haijagusa bakteria. Ukungu wa maji, unaohesabiwa kwa NTU, uwe chini ya NTU 1 inapowezekana.

Pima E. coli, bakteria anayeashiria kinyesi, baada ya wiki moja, halafu pima tena baada ya mvua kubwa inayofuata, kwa kuwa kipimo cha wiki kavu hakitakuambia kama ulichoziba kimezibika. Katikati ya hapo, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote.

Kuna visima ambavyo havina kosa lolote la ujenzi na bado vinachafuka. Hivyo vimechimbwa kwenye mwamba wenye nyufa au chokaa yenye mapango, ambako maji husafiri mamia ya mita kwa siku bila kuchujwa. Mwezi Mei mwaka 2000, mjini Walkerton, Ontario, Kanada, mvua kubwa ilisukuma bakteria wa E. coli O157:H7 na Campylobacter kutoka kwenye samadi ya shamba hadi kwenye kisima kifupi cha mji kilichochota kwenye mwamba wenye nyufa. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 waliugua. Uchunguzi wa hadharani uliofuata ulimwona mkulima hana hatia, kwani alitandaza samadi kama alivyotakiwa. Klorini iliyokuwa ikiwekwa haikutosha na haikuwa ikipimwa ipasavyo. Kwenye mwamba wa namna hiyo hakuna cha kuziba. Maji yatibiwe kila siku, mvua isipokuwepo pia, au utafute chanzo kingine.

Chumvi inapanda mvua zinapoanza

Hii huwachanganya watu, kwa sababu walitegemea mvua ipunguze chumvi. Mimea hunywa maji na kuacha chumvi. Jua hufanya vivyo hivyo. Kiangazi chote chumvi hurundikana kwenye mita chache za juu za ardhi, na mvua ya kwanza yenye nguvu ya kupenya huisukuma yote chini kwa pamoja. Kisima kifupi huipokea wiki chache baadaye, kipimo cha umeme kinapanda, kinakaa, kisha kinashuka mvua zikiendelea.

Ukitaka kujua ardhi yako inahifadhi chumvi kiasi gani, kloraidi inakusaidia, kwa kuwa mimea hainywi kwa wingi na mwamba mwingi hauna. Chukua mfano wa mahali penye mvua ya milimita 600 kwa mwaka yenye kloraidi miligramu 2 kwa lita. Maji ya ardhini yakiwa na miligramu 60, maana yake yamekolea mara 30, na kinachofika chini ni milimita 20 tu kwa mwaka. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kloraidi yote imetoka kwenye mvua na kwamba maji hayakutiririka kwenda kwingine, kwa hiyo usiitumie karibu na choo cha shimo, barabara inayomwagwa chumvi kuyeyusha barafu au ufuko.

Ukiona chumvi inapanda kila mwaka na hairudi ilipokuwa, fikiria jambo jingine: usawa wa maji unapanda. Kusini-magharibi mwa Australia misitu ilipokatwa kupisha ngano, mvua iliyokuwa ikinywewa na miti yenye mizizi mirefu ilianza kufika chini, maji yakapanda yakiwa yamebeba chumvi iliyolala ardhini kwa maelfu ya miaka, na mashamba mengi yakaharibika. Hapo kuchimba kisima kirefu zaidi hakusaidii, na mara nyingi ndiko kunakuongezea chumvi.

Kabla hujahukumu, omba maabara ipime kloraidi na naitreti pamoja. Kloraidi ikipanda peke yake, ni chumvi ya ardhi au ya bahari. Zikipanda zote mbili, na potasiamu nayo ikaongezeka, tafuta choo, zizi au shimo la maji machafu lililo upande wa juu.

Hakuna dalili yoyote, ila naitreti imepita kiwango

Naitreti haina rangi, haina harufu, haina ladha. Inagunduliwa kwa kipimo tu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na walio hatarini zaidi ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo, kwa kuwa damu yao hushindwa kubeba oksijeni vizuri.

Angalia cheti cha maabara kimeandika nini hasa. Maabara nyingine hutoa namba ya naitreti nzima, nyingine ya nitrojeni iliyomo tu, na tofauti ni mara 4.43. Namba 11.3 kwa hesabu ya nitrojeni ndiyo 50 ileile. Mtu akiona 20 akafurahi kwamba yuko chini ya 50, kumbe ni ya nitrojeni, anakunywa 89.

Kwa nini mvua? Udongo uliokauka kabisa ukilowa ghafla, vijidudu vilivyosalia hufumka na kuozesha mabaki yaliyokuwepo, na nitrojeni nyingi huachiwa ndani ya siku chache. Mtafiti H. F. Birch alilieleza jambo hili mwaka 1958 kutokana na majaribio aliyoyafanya nchini Kenya, na mpaka leo wataalamu wa udongo duniani huliita kwa jina lake. Wakati huo mazao ndiyo kwanza yanaota, mizizi haijafika mbali, na hakuna wa kuinywa naitreti hiyo. Mvua ikizidi, inashuka nayo. Ongeza mbolea iliyowekwa siku mbili kabla ya dhoruba, na una jibu.

Usichemshe maji kwa ajili ya naitreti. Mvuke unaondoka, naitreti inabaki, maji yanakolea zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa chumvi, floraidi na aseniki. Tiba ni kubadili chanzo cha maji ya mtoto, kuchanganya na maji yenye naitreti ndogo, au mtambo wa osmosisi ya kinyume (maji husukumwa kwa shinikizo kupenya utando mwembamba) au wa kubadilishana ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Kwa muda mrefu, mbolea iwekwe kidogo kidogo mazao yakishakuwa na mizizi.

Madoa ya kutu, weusi, au harufu ya mayai viza wiki kadhaa baada ya mvua kubwa

Hapa mvua imefanya kazi kwa kufunga hewa. Udongo uliojaa maji haupitishi oksijeni, lakini bakteria wanaokula mabaki ya mimea hawaachi kula. Oksijeni ikiisha, hutumia naitreti. Naitreti ikiisha, manganizi. Kisha madini ya chuma. Kisha salfeti, na hapo ndipo hidrojeni salfaidi inapoanza kunuka. Mfuatano huo ndio ufunguo wa kusoma cheti cha maabara. Naitreti imeshuka hadi karibu sifuri na manganizi imejitokeza: uko ngazi ya pili au ya tatu, ukihesabu oksijeni kuwa ya kwanza. Chuma kimeongezeka, salfeti iko palepale: ya nne. Salfeti imeshuka na kuna harufu: umefika chini. Cheti chenye naitreti nyingi na chuma kingi kilichoyeyuka kwa wakati mmoja kitie shaka. Ama kisima kinachota kwenye tabaka mbili tofauti, ama sampuli haikuchujwa na chuma hicho ni chembe za kutu.

Kutofautisha chuma kilichoyeyuka na kutu ya bomba hakuhitaji maabara. Chukua chupa mbili za kioo. Moja ijaze mpaka mdomoni bila kuacha hewa, funga kabisa. Nyingine ijaze nusu, tikisa, iache wazi. Asubuhi ya pili tazama. Zote zilikuwa safi, na ile iliyoachwa wazi imegeuka hudhurungi: chuma kilikuwa kimeyeyuka na hewa imekigandisha. Zote zilitoka na rangi tangu bombani: ni kutu au tope, chunguza bomba na kichujio cha kisima. Utelezi wa rangi ya chungwa ndani ya tangi ni kazi ya bakteria wa chuma, na huo hautoki kwa klorini peke yake, lazima usuguliwe.

Chuma huanza kutia madoa kwenye nguo kikipita miligramu 0.3 kwa lita. Dawa ya kawaida ni kurusha maji hewani kisha kuyapitisha kwenye mchanga, lakini angalia pH kabla ya kujenga. Kila pH inapopanda kwa 1, kasi ya chuma kuganda huongezeka kama mara 100. Maji ya pH 6 utayarusha hewani mchana kutwa na bado chuma kitapita kwenye mchanga bila wasiwasi. Yapitishe kwenye chokaa kwanza. Manganizi ni mkaidi zaidi, hewa peke yake haimtoshi kwenye pH ya kawaida, na Shirika la Afya Duniani limeiwekea kiwango cha muda cha miligramu 0.08 kwa lita kwa sababu za afya, si madoa tu.

Madoa ya bluu na kijani kwenye sinki

Maji ni laini na yana tindikali, pH chini ya 6.5, na yanakula mabomba ya shaba. Masika huwa mabaya zaidi kwa sababu maji yamekaa muda mfupi ardhini na hayakupata nafasi ya kukutana na mwamba wa kutosha. Maji yaliyolala bombani usiku yamwage kwanza, hasa kama kuna viungo vya risasi kwenye mabomba ya zamani. Tangi dogo lenye kokoto za chokaa linatosha kwa nyumba nyingi.

pH imeporomoka mvua zilipokata ukame mrefu

Hii si tindikali ya mvua. Ukame ukishusha usawa wa maji, hewa inafika kwenye pairaiti, madini ya chuma na salfa, yaliyokuwa yamezama, yanaungua polepole na kuwa tindikali ya salfuri, na mvua inayorudi inaikusanya. Utaona pH ya 4 au chini ya hapo, salfeti juu, na alumini imeyeyuka. Hutokea kwenye ardhi iliyokuwa mikoko, kwenye matope ya zamani ya bahari, mboji, na karibu na machimbo. Usichimbe mifereji ya kukausha eneo, maana ndiyo inayoanzisha ugonjwa.

Maji yamekuwa magumu zaidi, kisha laini

Hili mara nyingi si tatizo bali ni burudani kwa anayependa kupima. Mvua inapoingia juu, shinikizo hufika haraka kuliko maji yenyewe, na kinachotoka kwanza ni maji ya zamani yaliyokaa na mwamba muda mrefu. Kwa hiyo usawa wa maji kupanda si ushahidi kwamba mvua imefika kisimani. Kwenye chemchemi ya chokaa utaona mkondo unaongezeka nguvu na kipimo cha umeme kinabaki au kinapanda kidogo. Saa au siku kadhaa baadaye kinashuka, mvua yenyewe ikiwa imewasili. Muda kati ya hayo mawili ndio muda unaobaki wa kufunga valvu kabla uchafu haujafika. Mwenye chemchemi ya mji mzima aujue kwa moyo.

Visima vya pwani na visiwani

Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya bahari. Kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 chini yake, kwa hiyo kiangazi kikikupunguzia nusu mita, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 20. Kwa kawaida mvua inarudisha hali, polepole. Chumvi ikipanda baada ya dhoruba, uliza kama bahari ilivuka ufuko. Imeingia kwa juu, na kisima kilichofurika hivyo kitolewe maji taratibu, kwa kuwa kupampu kwa nguvu kutavuta chumvi kutoka chini pia.

Floraidi na aseniki: usidanganywe na sampuli ya masika

Floraidi, yenye kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, hupatikana sana kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, kwenye maji yenye sodiamu na bikaboneti nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ndiyo inayoizuia isipande. Kisima kifupi kilichopata mvua huonyesha namba nzuri kwa wiki chache, kinapewa cheti, kisha kiangazi kinarudi na maji yanarudi kuwa yaleyale. Pima mwisho wa kiangazi, na utumie namba hiyo.

Aseniki, ambayo kiwango chake ni miligramu 0.01 kwa lita, iliwadhuru watu wengi nchini Bangladesh kupitia visima vilivyochimbwa ili wasinywe maji machafu ya juu. Huachiwa kwenye ile ngazi ya chuma niliyoieleza, oksijeni ikiwa imekwisha, kwa hiyo kisima chenye chuma kingi kipimwe aseniki mara moja. Ukosefu wa chuma nao si kibali.

Cheti kinapingana na unachokiona

Anza na namna sampuli ilivyochukuliwa. Maji yaliyolala ndani ya kesingi si maji ya ardhini tena. Yametoa hewa ya ukaa, pH yake imepanda na chuma kimeganda. Pampu nje ujazo wa kisima mara tatu, yaani lita 1,600 hivi kwa ile kesingi ya juu, au endelea mpaka kipimo cha umeme, pH na joto vitulie. pH ipimwe hapohapo kisimani. Maji ya chupa ya kupimia metali yachujwe kwanza kisha yatiwe tindikali ya naitriki, na chupa hiyo isitumike kupimia naitreti wala bikaboneti. Chupa ya bakteria iwe imetakaswa, iwekwe kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 24.

Halafu omba cheti chenye ioni zote kubwa, ujumlishe chaji chanya na chaji hasi kwa miliekwivalenti, kipimo cha wingi wa chaji. Tofauti ikizidi asilimia 5 kwenye maji ya kawaida, kuna namba iliyokosewa au ioni iliyosahauliwa. Kwenye maji laini sana ruhusu zaidi kidogo. Mara nyingi inayokosekana ni bikaboneti, kwa kuwa chupa ilifika ikiwa na hewa nusu baada ya kukaa juani siku mbili. Rudisha cheti, uchukue sampuli nyingine kabla mvua haijanyesha tena.